Kambi ni ya vijana au ya viongozi?

Ukiangalia picha nyingi za kambi za skauti zinazorushwa mtandaoni utaona mahema yamenyooka mstari mmoja kama yamepigwa rula, skafu zimekaa sawa shingoni, chakula kimeiva na kila mtu anacheka, na swali linalonijiaga kichwani ni moja tu, nani kayasimamisha hayo mahema? Maana yule mtoto wa miaka 12 aliyesimama pembeni unamuona kabisa kuwa hiyo kamba hakuikaza yeye. Kaikaza kiongozi, jioni, huku anahema na kulalamika kuwa watoto wa siku hizi hawawezi kitu.

Hoja yangu ndo iko hapo. Tunapenda kusema uskauti unajenga vijana, unawapa kujiamini, uongozi, nidhamu, maneno yote yale yanayoandikwa kwenye fomu za kujiunga. Na kweli unajenga, sibishi. Ila kinachojenga sio msitu wala mlima. Kuna watu wamepanda milima wameshikwa mkono mwanzo mwisho na wamerudi vilevile walivyoenda, labda na picha kali zaidi. Kinachomkuza kijana ni kupewa kazi ya kweli, ambayo asipoifanya kuna kitu kinaharibika kweli, wenzake wanamtegemea, na mtu mzima yupo ila kakaa mbali kidogo na hana haraka ya kuokoa. Kule nje hali hiyo inapatikana kirahisi kuliko darasani au sebuleni, na hiyo ndo sababu ya kwenda nje. Sasa kama mkishafika huko nje watu wazima wanafanya kila kitu, mmefuata nini?

Angalia jambo hili lilivyoanza. Agosti 1907 Robert Baden-Powell, mwanajeshi wa Uingereza aliyeanzisha uskauti, alichukua wavulana kama 20 hivi akawapeleka kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, kwa wiki moja na kitu. Baadhi walikuwa watoto wa wenye nazo waliosoma shule za bweni za gharama, wengine watoto wa familia za kawaida kutoka miji ya jirani, akawachanganya humo humo akawagawa patroli nne, yaani vikundi vidogo, kila patroli ikapewa jina la mnyama au ndege na kiongozi ambaye ni mvulana kama wao. Watu wanaikumbuka hiyo kambi kwa michezo na hadithi za kwenye moto, lakini kipande kinachonivutia mimi ni cha usiku. Kila usiku patroli moja kwa zamu ilikuwa inapewa unga, nyama na viazi vibichi, chungu na kiberiti, inaambiwa nendeni mkalale kule, mjipikie, mjilinde. Hamna kiongozi mkubwa wa kukoroga chungu. Baden-Powell mwenyewe aliwahi kwenda kuwanyemelea gizani aone kama walinzi wako macho, yaani alikuwepo, ila hakuwepo mezani.

Wazo lenyewe alikuwa nalo tangu kwenye vita ya Mafeking, kule kusini mwa Afrika, mji ulipozingirwa siku 217 kuanzia Oktoba 1899 na wavulana wadogo wakatumika kupeleka barua na ujumbe, wakiongozwa na mwenzao wa miaka 13 hivi. Aliona mtoto ukimpa jukumu zito ukamwamini analibeba. (Tusijifanye hatuoni pia kuwa ile ilikuwa vita ya wakoloni wakigombea nchi isiyo yao, na kwenye ule mji Waafrika ndo walioshinda njaa kuliko wote. Sisi watu wa skauti tuna tabia ya kuipitia hiyo sehemu haraka haraka.)

Patroli ndo injini ya kila kitu na ndo kitu cha kwanza kutupwa kikosi kikishakuwa kikubwa. Watoto 6 mpaka 8, mmoja wao kiongozi, wanakula pamoja, wanalala pamoja, wanatembea pamoja, leo na mwezi ujao na mwaka ujao. Kwanini idadi ndogo hivyo? Kwa sababu kwenye kundi la 30 mvivu anajificha na mpole pia anajificha, na hawa wote wawili ndo tuliowapeleka huko wakabadilike. Kwenye sita hujifichi, kama zamu ya maji ilikuwa yako na hukwenda basi maji hamna, na wenzako watano wanakutazama. Hiyo macho ya wenzako ina nguvu kuliko filimbi ya skauti masta. Lakini vikosi vingi sahivi patroli imebaki kuwa mstari wa gwaride, wakipiga kwata wanasimama kipatroli, wakimaliza wanarudi kuwa kundi moja kubwa linalosubiri kuambiwa.

Alafu kuna hili la mazingira kutokuwa na upendeleo. Mtoto akikosolewa na mwalimu anaweza kuamini anaonewa, akikosolewa na mzazi ndo kabisa, lakini hema lililofungwa hovyo likivuja saa nane usiku halina chuki na mtu. Halikumvujia kwa sababu ni mkorofi, limevuja kwa sababu kamba ililegea. Anaelewa hapohapo, bila hotuba, na bila kudhalilika mbele ya mtu mzima. Kesho yake utamkuta anakagua kamba kabla hata ya kula. Nadhani kwa vijana wa umri ule, ambao kila neno la mkubwa wanalisikia kama shambulio, hii ndo faida kubwa kuliko hewa safi na ndege wanaoimba.

Chukua mafundo. Kila skauti anajua lile fundo bapa, kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia, anaweza kulifunga kafumba macho na beji anayo. Ukiuliza linafaa wapi, kimya. Ukweli ni kwamba ni fundo zuri la kufungia bandeji kwa sababu linalala bapa na linafunguka kirahisi, na ni fundo baya sana la kuunganisha kamba mbili zitakazobeba uzito, linateleza, linageuka, na linaweza kumuumiza mtu. Aliyelijifunza ubaoni atalitumia popote. Aliyeliona likifunguka wakati patroli yake inavuta mzigo hatolisahau, na kesho atauliza mwenyewe, sasa hapa fundo gani? Hilo swali ukilipata umeshinda. Ila ili ulipate inabidi uwe umekaa kimya wakati wanalifunga vibaya, mzigo ukiwa gogo la kuni na sio mtu.

Na kukaa kimya ndo kazi ngumu kuliko zote kwenye uskauti. Mtu mzima anayeona uji unaungua mikono inamuwasha. Viongozi wengi ni watu wa moyo mzuri tu, wanajitolea, wanaacha familia zao wikendi, kwahiyo wanataka mambo yaende vizuri, na "vizuri" kwao maana yake kwa wakati na bila malalamiko. Kambi ikienda hivyo wanasifiwa. Mzazi akituma meseji kwenye grupu la wasapu kuuliza mbona mwanangu kala chakula kibichi, kiongozi hana jibu la haraka la kumridhisha, hawezi kumwambia mama wa watu kuwa huo ubichi ulikuwa sehemu ya mafunzo. Kwahiyo anachagua njia fupi, anapika yeye, au analeta mpishi. Huo ndo mwanzo wa kambi kugeuka safari ya kitalii yenye sare.

Baden-Powell na wenzake waliliona hili mapema. Mwaka 1919 walipoanza kufundisha viongozi pale Gilwell Park, nje kidogo ya London, hawakuwaweka darasani kuwahubiria, waliwagawa patroli wale watu wazima, wakawapa mahema, wakawaambia waishi kama watoto wanavyotakiwa kuishi. Mzee mwenye masharubu anahangaika na moto usiowaka. Ukishapitia hapo unaelewa mtoto anasikia nini, na unaelewa kuwa moto usiowaka nusu saa haujawahi kuua mtu.

Lakini kuna mambo yanaua, na hapa lazima tutofautishe maana kuna viongozi wakisikia "waachie vijana" wanaenda kulala. Kukosa raha sio hatari. Njaa ya masaa mawili, kuloa, malengelenge, kupotea njia ukiwa na patroli mchana kwenye eneo linalojulikana, hayo ni kukosa raha, waachie. Maji ni hatari. Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele kama kwenye muvi, anazama kimya, kwahiyo ziwani na mtoni mtu mzima anayejua kuogelea anakaa pale anatazama na simu iko mfukoni, hapo hamna mjadala wa kumjengea mtoto kujiamini. Jiko la mkaa au la gesi kuingizwa ndani ya hema ni hatari, hewa yake ya sumu haina harufu, mnalala hamuamki. Radi ni hatari. Barabara usiku ni hatari. Na baridi, watu wanaidharau wakidhani mpaka maji yagande, wakati nguo ya pamba ikishaloa na upepo ukapiga mwili unaweza kuishiwa joto hata kwenye hali ya hewa ya kawaida tu ya milimani, na dalili yake inadanganya, mtoto aliyekuwa analalamika anaacha kulalamika, anaanza kujikwaa, anaongea vitu havieleweki, hata kutetemeka kunaisha. Kiongozi anayejua hayo anaweza kukaa mbali kwa amani kwa sababu anajua anatazama nini. Asiyejua ndo anayeng'ang'ania kila kitu kwa woga, au anaachia kila kitu kwa uzembe, na hawa wawili tatizo lao ni lilelile.

Kuna hatari nyingine ambayo haitoki porini. Mwaka 2020 chama cha skauti wavulana cha Marekani kilikimbilia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika kwa sababu ya kesi za watu waliodhalilishwa kingono utotoni na viongozi wao, na waliojitokeza kudai walipita 82,000. Elfu themanini na mbili! Hii namba inatakiwa imkalie kichwani kila mtu anayesema sisi ni undugu, tunaaminiana. Ndo maana ile sheria ya mtu mzima kutokuwa peke yake na mtoto, siku zote wawe angalau wawili na mambo yafanyike yanapoonekana, sio ukiritimba wa ofisini. Na tena, patroli iliyo imara inasaidia hapa, vijana waliozoea kuamua na kusema hapana ni wagumu kuwatenga kuliko watoto waliofundishwa kutii tu. Haitoshi peke yake, ila inasaidia.

Wenzetu wa Uholanzi wana kitu kinaitwa "dropping", kwenye kambi za kiangazi wanawachukua vijana usiku, wengine hata hawajafika miaka 13, wanawashusha msituni na kuwaambia watafute njia kurudi kambini. Wageni wakisikia wanashika vichwa. Ila ukiangalia jinsi inavyofanyika sio ukatili, wako kikundi, msitu wa kule sio ule wa kupotelea siku tatu, wanavalishwa vizibao vya kung'aa kwa ajili ya magari, namba ya dharura wanayo, na mara nyingi kuna mkubwa anawafuata nyuma kimya kimya. Hatari halisi imepunguzwa, imebaki hisia ya kuwa sisi ndo tunaamua, kushoto au kulia. Wanagombana njia panda, mmoja analia, mmoja anajifanya anajua, wanakosea, wanarudi. Wakifika saa saba usiku wamechoka hoi na wanajisikia wakubwa, na kweli wamekua kidogo. Sisemi kila kikosi kiige, mazingira yanatofautiana na kuna sehemu huwezi kumuacha mtoto usiku hata dakika tano. Ninachosema ni kwamba ile hesabu waliyoipiga, toa hatari bakiza uamuzi, ndo hesabu ya kila shughuli ya nje.

Mtu atasema ushahidi uko wapi kwamba haya yanabaki mtu akishakua. Upo kiasi. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Glasgow walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Waingereza karibu 10,000 waliozaliwa Machi 1958, wakakuta waliowahi kuwa skauti au girl guide (skauti wa kike) utotoni walikuwa na uwezekano mdogo kwa kama asilimia 15 wa kuwa na matatizo ya wasiwasi au huzuni ya kiugonjwa walipofika miaka 50, na kwa waliotoka familia duni tofauti ya kitabaka ilionekana kupungua. Ni kubwa hiyo, miaka 50! Lakini tusikimbilie kuifanya bango. Utafiti wa hivyo haukuambii kama ni uskauti uliowafanya wawe hivyo au watoto wa aina fulani, wenye wazazi wa aina fulani, ndo waliopelekwa skauti na kubaki huko, ingawa watafiti walijaribu kuyaondoa mengine kwenye hesabu. Na hauambii kikosi cha namna gani. Mimi nabashiri (ni ubashiri wangu, sio wao) kuwa ungeweza kutenganisha vikosi ambavyo vijana waliendesha wenyewe na vile vya kupangwa mstari, tofauti ungeiona humo.

Beji nazo niziguse. Beji ni kitu kizuri kikiwa alama ya ulichokwisha kufanya, kinaharibika kikiwa ndo sababu ya kufanya. Marekani kufika Eagle, cheo cha juu kabisa cha skauti kule, unatakiwa beji 21 pamoja na mradi wa kuhudumia jamii ambao kijana anatakiwa aupange na kuusimamia mwenyewe, na ule mradi ndo wenye maana kuliko beji zote zile, kwa sababu hapo lazima uombe, ubembeleze, ukataliwe, utafute watu wengine. Kukusanya beji bila kutoka jasho mtu anaweza, hasa baba yake akiwa kiongozi, haya tuyaache.

Kitu kinachoniudhi zaidi ni ugawaji wa kazi kwenye patroli zenye wasichana na wavulana. Wasichana walijitokeza wenyewe mwaka 1909 kwenye mkutano wa skauti pale Crystal Palace, London, hawajaalikwa, wakasema na sisi ni skauti, na mwaka uliofuata wakaundiwa chama chao cha Girl Guides. Zaidi ya miaka mia baadaye unaingia kambini unakuta wasichana wako kwenye sufuria na wavulana wako kwenye kamba na shoka, na hakuna aliyeamrisha, imetokea tu, kila mtu kashika anachokijua. Hapa ndo mahali pekee ambapo ningemwambia kiongozi aingilie mapema bila aibu, kwa sababu ukiwaachia vijana waamue wenyewe wataamua kama nyumbani kwao. Zamu iandikwe, izunguke. Mvulana aliyemaliza kambi bila kuosha sufuria lenye masizi hajamaliza kambi, na msichana ambaye hajawahi kushika ramani na kuwapoteza wenzake naye kuna kitu kanyimwa.

Nimesema kuwapoteza wenzake makusudi. Kiongozi wa patroli wa miaka 14 aliyewapeleka wenzake njia ya mbali, wakatembea masaa mawili ya ziada kwenye jua, jioni ile ana mzigo ambao hakuna semina ya uongozi inayoweza kuutengeneza. Kitakachofuata ndo kinaamua atakua au atavunjika. Wengi tunaiacha ipite, tunasema porini watajifunza wenyewe, na kuna watu wazoefu kabisa wa mafunzo ya nje wanaoamini mlima unajieleza wenyewe bila mtu kutafsiri. Mimi siamini hivyo kwa watoto. Mlima ukiachwa ujieleze wenyewe mtoto anaweza kuelewa kuwa yeye ni mjinga, basi, na asiombe tena ramani. Kwahiyo ule moto wa usiku, kabla ya nyimbo, unahitaji maswali mawili matatu ya kawaida tu. Ulijuaje tumepotea? Nani alijua na hakusema, na kwanini hakusema? Hilo la pili ndo zuri, maana karibu kila mara yupo mmoja aliyeona mapema akanyamaza kwa kuogopa kiongozi wa patroli, na likisemwa pale mbele ya wote wanajifunza wawili kwa mpigo, yule wa ramani kuuliza na yule mkimya kusema. Alafu kesho ramani anarudishiwa yule yule aliyewapoteza. Asiporudishiwa kesho, wote watakuwa wamejifunza kuwa ukikosea unanyang'anywa, na hakuna atakayetaka kuongoza kitu.

Wazazi huwa wanauliza kikosi kizuri utakijuaje kabla hujamwandikisha mtoto, wanaenda kuangalia vyeti vya kiongozi na ubora wa mahema. Sheria za ulinzi wa mtoto waulize, hilo la kwanza kabisa, na wakijing'atang'ata ondoka. Baada ya hapo muache kiongozi, tafuta skauti yeyote mdogo mdogo pembeni umuulize safari yao ijayo wanaenda wapi, watakula nini na nani kapanga. Akianza kukueleza kwa mikono, anabishana na mwenzake kuhusu idadi ya sufuria, mwandikishe mwanao. Akikujibu "tutaambiwa", endelea kutafuta.